Kupika na kuuza jemu na mamaledi hapa Nairobi: mwongozo kamili, kuanzia sufuria mpaka rafu ya duka

Resipi nyingi za jemu zilizo kwa intaneti ziliandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari, na hapo ndo shida inaanzia. Wanakuambia chemsha mpaka themomita isome digrii 104 au 105, na wewe uko Umoja ama Ruaka unangoja hiyo 105, unangoja, jemu inageuka kahawia, inaanza kunuka sukari iliyoungua, na ikishapoa hata kijiko hakiingii. Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya bahari, kwa hivyo maji yetu yanachemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Jemu inashika ikifika digrii nne na nusu hivi juu ya pale maji yanapochemkia. Yaani hapa kwetu ni 98 na nusu, 99 ukipenda jemu nzito. Ukiwa Limuru shuka tena kidogo kwa sababu huko ni juu zaidi.

Usiniamini mimi wala mtu mwingine, pima mwenyewe. Chemsha maji matupu kwa sufuria, weka themomita isiguse chini, soma. Hiyo namba ongeza 4.5, iandike kwa ukuta wa jikoni. Themomita nyingi za bei rahisi hazisomi sawasawa, lakini ukipima hivi kosa lake linajirekebisha lenyewe, maana unahesabu kutoka kwa namba yake.

Nimeanza na hiyo kwa sababu hii biashara kutoka mwanzo mpaka mwisho ni ya kupima. Kupika kila mtu anaweza. Wale wanaofunga baada ya miezi michache mara nyingi jemu yao ilikuwa tamu kabisa, ni hesabu ndo haikuwa.

KWANZA AMUA HUTASHINDANA NA NANI

Jemu ya kiwanda kama Zesta iko kila duka, kuanzia supamaketi mpaka kiosk ya mtaani, na watoto wa Kenya wamekua nayo. Hutaweza ile bei, usijaribu. Kiwanda kinanunua sukari kwa lori na wewe unanunua ya kilo mbili mbili ama gunia moja ukijikaza. Wewe unauza kitu ambacho kiwanda hakina haja nacho: plamu za Januari zilizochumwa juzi, nathi (yale matunda madogo ya njano yaliyofunikwa na ganda kama karatasi), matunda damu, pasheni na ndimu, mamaledi yenye maganda mazito yanayouma ulimi kidogo. Na unaiuza kwa bei ya zawadi, kwa mtu anayeweza kulipa.

Chagua ladha tatu tu za kuanza. Tatu. Najua utataka kumi na mbili kwa sababu picha zinapendeza zikipangwa, lakini kila ladha ni lebo yake, ni chupa zimelala dukani zikingoja mtu, na ni sampuli yake ukienda KEBS (shirika la viwango la Kenya, ndo linatoa alama ya ubora). Ningeshauri moja iwe ya matunda yanayopatikana mwaka mzima (stroberi ama nanasi), moja iwe ya msimu, na moja mamaledi. Mamaledi usiiache, nitakuonyesha chini kwa nini ndo inakupa pesa.

MATUNDA

Marikiti ya Wakulima ndo bei nzuri ukienda asubuhi mapema kabla jua halijatoka, lakini pale unanunua kwa kreti ama kwa debe na ya chini huyaoni. Omba kumwaga juu ya gunia uangalie, muuzaji akikataa songa mbele, wauzaji ni wengi. City Park kule Parklands ni ghali kidogo lakini matunda yamechaguliwa, na ukiwa unataka kilo tano tu haina maana kupigana na mikokoteni ya Haile Selassie. Ukishakuwa na oda za kueleweka, tafuta mkulima moja kwa moja. Stroberi ziko Limuru na sehemu nyingi za Kiambu, maembe yako Makueni na Machakos, machungwa pia Makueni. Mkulima anapenda mtu anayenunua yale madogo na yenye alama kwa ganda, yale ambayo ya kuuza mezani yanakataliwa. Kwa jemu alama kwa ganda si kitu. Kilichooza ni kitu kingine kabisa, hicho hata ukikata kipande unachoona ni kibaya ladha imeshaingia kote, tupa.

Msimu wa maembe unaanza karibu Novemba mpaka Machi, plamu Desemba mpaka Februari hivi. Matunda yakiwa mengi bei inaanguka vibaya, na hapo ndo unajaza friza. Toa mbegu, pima kwa mifuko ya kilo moja moja, andika tarehe, gandisha. Matunda ya friza yanapoteza pektini kidogo kwa hivyo ukija kupika ongeza ndimu.

Pektini ndo inayofanya jemu ishike, na haiko sawa kwa kila tunda. Mapera, plamu, ndimu na maganda ya machungwa yana pektini nyingi. Stroberi, maembe na nanasi ni kidogo, hizo lazima uzisaidie, ama kwa ndimu na mbegu zake zilizofungwa kwa kitambaa, ama kwa pektini ya unga kutoka maduka ya vifaa vya keki. Wengine wanaona pektini ya unga ni kudanganya. Mi sioni shida yoyote, inapunguza muda wa kuchemsha na rangi ya stroberi inabaki nyekundu badala ya kuwa ya matofali. Na usingoje matunda yaive kupita kiasi, changanya robo ambayo bado ni magumu kidogo, pektini iko hapo.

Halafu kuna asidi. Inapimwa kwa pH, na namba ikishuka ndo asidi inazidi. Jemu inashika vizuri pH ikiwa karibu 3.0 mpaka 3.3. Na kwa usalama, chochote unachofunga kwa chupa hivi lazima kiwe chini ya 4.6, maana juu ya hapo bakteria ya sumu ya botulini inaweza kukua ndani ya chupa isiyo na hewa. Stroberi, plamu, pasheni na ndimu ziko chini sana, hakuna wasiwasi. Embe lililoiva sana linakaribia mpaka, na papai limeuvuka kabisa, kwa hivyo jemu ya papai bila ndimu ya kutosha usiuzie mtu. Nunua karatasi za kupima pH ama kile kimashine kidogo, kisha weka vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu kwa kila kilo kama mwanzo, upime, uongeze.

VYOMBO

Sufuria iwe ya stinlesi, pana, isiyo na kina kirefu. Zile sufuria za aluminiamu za Kamukunji ni imara na bei ni nzuri, zitumie kuchemsha chupa, lakini jemu hapana, asidi ya matunda inakula aluminiamu na utaionja. Upana ni muhimu kwa sababu jemu nzuri inatoka kwa maji kukauka haraka. Ikikaa kwa moto saa nzima ladha ya tunda inakufa unabaki na utamu tu. Ndo maana pia tunapika kidogo kidogo: kilo tatu ama nne za matunda kwa sufuria moja, basi. Ukitaka nyingi pika mara mbili. Mtu anayejaribu kilo kumi na tano kwa sufuria moja kwa gesi ya nyumbani anatengeneza uji.

Vingine: mizani ya dijitali inayosoma gramu, themomita, upawa, faneli yenye mdomo mpana, mwiko mrefu (jemu ikichemka inaruka na inachoma vibaya kuliko maji, vaa mikono mirefu). Halafu refraktomita, kile kibomba kidogo unaangalia ndani kinakuonyesha asilimia ya sukari, inaitwa Brix. Chagua inayosoma mpaka 80 ama 90, zile za 0 mpaka 32 ni za juisi. Unalenga 65. Huhitaji siku ya kwanza, lakini ukianza kuuza kwa maduka inunue kabla hujanunua kitu kingine chochote.

KUPIKA JEMU

Nitatumia plamu kwa sababu hazina kiburi.

Osha, pasua, toa mbegu, kisha pima nyama iliyobaki. Hiyo ndo namba ya kufanyia kazi, si ile ya sokoni. Kwa kila kilo ya nyama weka kilo moja ya sukari. Wakenya wengi siku hizi wanauliza sukari kidogo, unaweza kushuka mpaka gramu 750 kwa kilo, lakini elewa unachofanya: Brix haishuki kwa kupunguza sukari, inashuka ukiacha kukausha, kwa hivyo ama utachemsha zaidi upate chupa chache, ama utaacha laini na itaharibika mapema. Sukari ndo inayohifadhi. Ile yenye sukari kidogo iuze kama ya kuwekwa friji na uandike hivyo kwa lebo.

Chemsha plamu na maji kidogo sana mpaka zilainike, KABLA ya sukari. Sukari ikiingia mapema ganda linakaza na halilainiki tena. Kwa stroberi ni kinyume, unazilaza na sukari usiku mzima friji zitoe maji, vipande vitabaki vizima. Weka ndimu. Weka sukari na upunguze moto, koroga mpaka uhakikishe imeyeyuka yote, sugua mwiko chini ya sufuria usikilize kama kuna mchanga. Isipoyeyuka yote wiki tatu baadaye utapata fuwele kwa chupa na kastoma atafikiri ni vioo.

Sasa moto wa juu kabisa. Itapanda povu, tulia, itashuka, na mapovu madogo madogo yatakuwa makubwa na mazito yenye sauti tofauti, kama uji wa wimbi ukikaribia kuiva. Hapo anza kupima. Ikifika 98 zima moto (zima kabisa, usipime huku inaendelea kukauka), tia tone kwa sahani iliyokuwa friza, ngoja dakika moja, sukuma na kidole. Ikikunjamana, imeshika. Isipokunjamana rudisha kwa moto dakika mbili ujaribu tena. Toa povu la juu na kijiko, hilo povu ni chakula cha mpishi.

Chupa wakati huo ziwe zimeshachemshwa na bado ni moto. Hapa tena urefu wetu kutoka baharini unaingilia: kawaida ni dakika 10 za kuchemsha chupa, na kila mita 300 unaongeza dakika moja, kwa hivyo Nairobi hesabu 16. Ovena pia inafaa, digrii 120 kwa dakika 20. Jaza jemu ikiwa juu ya digrii 85, acha nafasi ya nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa na kitambaa safi, funga. Mimi napenda kurudisha zilizofungwa kwa maji yanayochemka dakika 15, inaongeza kazi lakini chupa inayopanda boda mpaka Rongai kwenye jua inahitaji kuwa imefungika kweli. Zikipoa utasikia vifuniko vikilia tik, na katikati ya kifuniko kutakuwa kumezama. Kisichozama, hiyo chupa ni ya nyumbani.

Vifuniko ni vipya kila wakati. Chupa zilizotumika zinauzwa mjini na zinavutia kwa bei, lakini harufu ya achari haitoki kwa kifuniko hata uchemshe mara ngapi, na kama unataka alama ya ubora sahau hizo.

MAMALEDI

Hapa ndo penye utamu wa biashara. Mamaledi za Uingereza zinatumia machungwa machungu ya Seville ambayo hapa huyapati sokoni. Machungwa yetu ni matamu, ukitumia peke yake unapata kitu kama peremende, haina ule uchungu. Changanya. Kwa kilo moja ya matunda: gramu 500 machungwa, 300 balungi, 200 ndimu. Balungi inaleta uchungu, ndimu inaleta asidi na pektini. Yale machungwa yaliyong'aa ya kutoka nje kwenye supamaketi yamepakwa nta, yasugue na maji moto, ama bora ununue ya Makueni hata kama yana ganda la kijani, rangi ya kijani si shida.

Kamua maji, weka kando. Mbegu zote na zile nyuzi nyeupe funga kwa kitambaa cheupe chepesi, usitupe hata moja, hiyo ndo pektini yako. Kata maganda membamba, kwa kisu, kwa mkono, na ukae chini maana itachukua muda. Loweka maganda, maji ya matunda na hicho kifurushi kwa lita mbili na nusu za maji usiku kucha.

Kesho yake chemsha polepole mpaka ganda likibanwa kwa vidole viwili linapondeka bila kubishana. Vitabu vya ng'ambo vinasema saa moja na nusu, hapa maji yetu hayafiki joto lile kwa hivyo weka saa mbili ama zaidi, ama tumia presha kuka dakika 20 uokoe gesi. Usiharakishe hapa, kwa sababu sukari ikishaingia ganda halitalainika tena milele. Kamua kifurushi mpaka ute ute utoke wote. Weka kilo mbili za sukari, yeyusha, moto wa juu, pima vile vile 98 na nusu.

Tofauti moja: usijaze chupa mara moja, maganda yataelea yote juu. Ngoja dakika kumi hivi mpaka ianze kufanya utando, koroga, maganda yatasambaa. Lakini kumbuka sisi tunaanzia 98 na si 105, kwa hivyo inafika 85 mapema, weka themomita ndani ukingoja.

Sasa hesabu niliyoahidi. Uzito utakaopata ni rahisi kuujua kabla hujawasha gesi: chukua sukari uliyoweka, ongeza sukari iliyo ndani ya tunda lenyewe (kama asilimia 10 ya uzito wake), gawanya kwa 0.65. Kilo moja ya plamu na kilo moja ya sukari: 1.1 gawanya kwa 0.65, unapata karibu kilo 1.7. Kilo moja ya machungwa na kilo mbili za sukari: 2.1 gawanya kwa 0.65, kilo 3.2. Tunda lile lile kilo moja, chupa karibu mara mbili. Na iko ndani ya viwango, Codex (viwango vya chakula vya kimataifa) inataka mamaledi ya machungwa iwe na tunda angalau asilimia 20, na jemu ya kawaida 35, ile ya daraja la juu 45. Ukipata chupa chache kuliko hesabu ilivyosema, ulikausha sana, unauza jemu bure. Ukipata nyingi, ina maji na itaota ukungu.

BEI

Weka bei zako za leo, hizi zangu ni mfano wa kuonyesha njia. Plamu kilo 4 kwa 120 ni 480, ukitoa mbegu unabaki na 3.5. Sukari kilo 3.5 kwa 150 ni 525. Ndimu 60. Gesi 120. Unapata karibu kilo 6, yaani chupa 17 za gramu 340 na kidogo ya kuonja. Chupa na kifuniko 60 kila moja ni 1,020. Lebo 15 kila moja ni 255. Jumla 2,460, kila chupa shilingi 145.

Angalia hapo tena. Plamu zilizo ndani ya chupa ni shilingi 28 na chupa yenyewe ni 60. Watu wanapigania shilingi kumi na mama wa Marikiti halafu wananunua chupa rejareja dazeni dazeni. Pesa yako iko kwa chupa. Jiunge na wenzako wawili watatu mnunue kwa katoni nyingi kutoka kwa holseli ya Industrial Area, na mkubaliane saizi moja. Ukiweza, kastoma akirudisha chupa mpe punguzo, hata kama hutaitumia kwa ya kuuza unaitumia kwa ya kuonjesha.

Bado hujajilipa. Saa nne za kazi kwa 200 ni 800, sasa chupa ni 192. Ongeza asilimia 15 ya usafiri, vibali, zile zilizovunjika na za kuonjesha, umefika 220. Ukiuza mwenyewe kwa 450 uko sawa sana. Duka likichukua asilimia 30 unabaki na 315, faida 95. Ukiuza kwa 300 kwa sababu unaona aibu, duka litakuachia 210 na utakuwa unalipa watu ili wale jemu yako. Aibu ya bei iondoe mapema.

VIBALI

Kuuzia shangazi na watu wa kanisa hakuna atakayekuuliza, lakini duka la kwanza tu litauliza alama ya KEBS. Fuata hivi. Sajili jina la biashara kwa eCitizen, chukua PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru). Kaunti ya Nairobi inatoa kibali kimoja cha biashara ambacho kimeunganisha mambo ya usafi wa chakula na zimamoto. Kila anayegusa chakula anahitaji cheti cha afya, kinapimwa upya kila miezi sita, na ndo kitu cha kwanza afisa wa afya anauliza akiingia.

Kisha KEBS, makao yao ni Popo Road, South C, lakini maombi yanafanywa mtandaoni na kuna utaratibu wa biashara ndogo ambao ni nafuu. Watakuja kuona mahali unapopikia na sampuli itapimwa maabara. Jikoni ya nyumbani ambako pia watoto wanakaangiwa mayai itakupa shida, tafuta hata chumba kimoja kilicho na sinki, ukuta unaooshika, wavu kwa dirisha. KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, hapo hapo South C, wana vifaa vya kusindika chakula ambavyo wajasiriamali wadogo wanatumia kwa kulipia, nenda uulize kabla hujajenga chako.

Lebo iwe na jina la bidhaa, viungo kwa mpangilio wa uzito kutoka kikubwa, uzito halisi wa kilichomo ndani bila chupa, jina na anwani yako, namba ya bachi (yaani mpiko mmoja), tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, jinsi ya kuhifadhi, na kwamba imetengenezwa Kenya. Usiandike inatibu kitu chochote. Ukiwa unaelekea supamaketi utahitaji msimbo pau kutoka GS1 Kenya, zile namba zinazoanza na 616.

Ushuru: mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka na hayajafika 25, kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unalipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20. Ni wa mauzo, si wa faida, kwa hivyo uweke ndani ya bei. Na jiandikishe eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, hoteli haitanunua kwako bila risiti hiyo kwa sababu bila hiyo KRA haiwakubalii gharama.

Kila bachi iandike kwa daftari: tarehe, matunda yametoka wapi, kilo, sukari, pH, Brix, chupa ngapi. Weka chupa moja ya kila bachi kwa kabati mpaka tarehe yake ya kuisha ipite. Siku mtu akipiga simu ati jemu imeota ukungu utajua ni bachi gani na nani wengine waliinunua.

KUUZA

Masoko ya wikendi ya Karen na Westlands ni mazuri kwa sababu watu wanaonja, na jemu isiyoonjwa haiuziki kwa 450. Beba mkate mzuri, si wa juzi. Weka bei iandikwe, watu wa Nairobi hawapendi kuuliza wakiona mtu amesimama nyuma yao. Namba ya till iwe kubwa inasomeka kutoka mbali. Mifuko iwe ya karatasi, ile ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Kisha kuna mikahawa na nyumba za kulala wageni, hao wanachukua kwa ndoo ndogo ya kilo mbili tatu bila chupa ya kioo, na kwa hesabu tuliyofanya unaona mara moja kwa nini hiyo ni biashara nzuri hata ukipunguza bei. Desemba ni zawadi za ofisi, lakini anza kuzungumza na maofisi Septemba na uchukue nusu ya pesa mbele, kwa sababu oda ya chupa 300 inakutaka ununue chupa 300 leo. Nairobi kwa boda unaweza kutuma popote, nje ya mji tumia pasel ya sacco ya matatu, kila chupa imezungushiwa gazeti na imesimama. Ikilala, inavuja.

Supamaketi nimeziacha mwisho makusudi. Zinataka bidhaa nyingi, kila wiki, zinalipa baada ya siku 60 ama 90, na zisizouzwa zinakurudia. Nakumatt ilipoanguka wasambazaji wengi waliachwa na madeni, na wadogo ndo waliumia zaidi. Chupa 100 ulizopeleka kwa mkopo ni shilingi 14,500 za keshi ambazo zimetoka mfukoni mwako kabla hujahesabu hata saa zako za kazi, na wiki ijayo wanataka 100 nyingine. Kwa siku 60 hiyo ni mizunguko minane, zaidi ya laki moja imekaa kwa rafu ya mtu mwingine. Kama huna hiyo laki ambayo unaweza kuisahau miezi miwili, anza na duka moja dogo linalolipa ukileta mzigo unaofuata, andikishaneni karatasi hata kama ni jirani, na usipeleke wa tatu kabla wa kwanza haujalipwa.